Meza Fupi ya Bibi Yun

Niliifunga safari hii kwa sababu ya Neema, binti wa miaka kumi na miwili ninayemfundisha kusoma Kiswahili kanisani kila Jumamosi. Kazi zake za shule huzifanyia kitandani, na mgongo umeanza kumuuma. Shangazi yangu, mhudumu wa wazee, alinipasha habari za Bibi Yun, ajuza wa Kikorea aishiye mtaa wa Hodge Hill, katika jiji letu hapa ughaibuni. Alikuwa anahamia kwa mwanawe, na alitafuta msomaji wa kumwachia meza ya marehemu mumewe.

Saa tatu asubuhi tuliondoka Nechells, mtaani kwao Neema, kwa basi: mimi, Neema na babake, fundi seremala kutoka Kivu. Njiani nilimweleza Baba Neema kwa kirefu kwamba elimu ni haki ya kila mtoto. Alinisikiliza kwa subira, kisha akauliza kama meza hiyo ina droo.

Huko Hodge Hill, Bibi Yun alitufungulia mwenyewe. Meza ilikuwa sakafuni karibu na dirisha: nyembamba, ncha zake zimejikunja juu ili karatasi zisiporomoke, droo moja chini, na kimo kisichofika goti. Wakorea huiita seoan, nayo husomewa mtu akiwa ameketi sakafuni. Baba Neema aliipindua, akapapasa kila kiungo.

"Mwalimu, hakuna msumari hata moja," aliniambia. "Huyu fundi alikuwa mtu kweli." Kisha akaonyesha kiunoni. "Nitaiongezea miguu, ifike hapa."

Nilimtafsiria Bibi Yun kwa Kiingereza, neno kwa neno, kwa uaminifu ambao niliujutia papo hapo. Aliivuta meza upande wake.

"Ikiongezewa miguu si meza hii tena," alisema. "Heri nitafute mtu mwingine."

Nilianza kuhutubia juu ya kuheshimu tamaduni za watu. Baba Neema alinikatiza.

"Kule kambi ya wakimbizi tulikala chini miaka mingi, mwalimu. Vumbi, matope. Niliapa mtoto wangu hatakala chini tena. Hiyo nayo umwambie."

Nilimwambia. Bibi Yun aliingia chumbani, akarudi na mto mnene wa kukalia, akauweka mbele ya meza. Alieleza kwamba hapo palikuwa mahali pa mumewe, na kwamba alipokuja mgeni wa heshima, ndiye aliyeachiwa. Akamkaribisha Baba Neema kwa mikono miwili.

Baba Neema aliketi, magoti yakialika. Neema akacheka.

"Unacheka nini? Na wewe utazeeka."

Neema alimjibu kwa Kiingereza kwamba sasa anafanana na mchungaji wetu. Babake hakumsikiliza. Alikuwa ameweka viganja vyake juu ya mbao, ametulia.

"Mwambie itabaki hivi hivi," alisema mwishowe. "Lakini umuulize, na mto tunapewa?"

Saa saba tulipanda basi la kurudi, Baba Neema ameipakata meza na mimi nimekumbatia mto. Abiria mmoja alimwuliza kama ni ya mtoto mchanga. "Ya ofisi," alijibu.

Nimejifunza kwamba kuna kukalishwa chini, na kuna kukaribishwa kuketi. Na kwamba hotuba zangu hazikuwa zimenifundisha tofauti hiyo. Jumamosi iliyopita niliwatembelea Nechells. Neema alikuwa jikoni, nami nikakaribia ule mto nikitaka kupumzika. Baba Neema alinishika bega.

"Hapana, mwalimu. Hapo ni pa msomaji. Wewe kaa kwenye kiti."