Kitoweo Hakipimwi

Mwanafatuma alipima samaki kwa miaka minne, na sijamwona mtu mwaminifu kama yeye. Nalisema hili mapema kwa sababu siku hizi pale bandarini kwetu, upande wa Kinondo, kuna midomo inayosema kwamba yeye ndiye aliyeliua tengefu. Midomo hiyo nimeikaangia samaki miaka kumi na tisa. Naijua.

Tengefu ni kipande cha bahari kinachofungwa, asivue mtu, samaki wapate kuzaana. Letu lilifungwa kwa jitihada za Abdurahman, mumewe Mwanafatuma. Miaka miwili alikwenda nyumba kwa nyumba akiwabembeleza wavuvi wenzake, akatukanwa, akaambiwa amehongwa na wenye hoteli. Mwisho wakakubali. Hakuishi kuliona likijaa, ini lilimuua. Siku zake za mwisho alimshika mkewe mkono akamwambia, "Mama Twaiba, lile tengefu lisifunguliwe kabla ya wakati wake. Nakuachia hilo."

Ndiyo maana eda ilipokwisha na watafiti wakaja kutafuta mtu wa kupima samaki, alikubali kabla hawajamaliza kusalimia. Aliyewaongoza ni Caroline, binti wa bara, mpole, aliyetaka kujua kama samaki wetu wanakua, wanavuliwa kupita kiasi, au wana maradhi. Alimpa Mwanafatuma ubao wenye alama za sentimita na daftari. Kila samaki aliyefika kwenye meza ya mnunuzi alilazwa juu ya ubao huo, akaandikwa jina, urefu, na kidonda kama anacho. Mvuvi akimharakisha, humwambia, "Subiri shemeji, hata wewe ulipozaliwa ulipimwa." Watu hucheka, kazi ikaendelea.

Sasa nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi, kwa kuwa kila mtu analijua. Chombo kikifika, kabla samaki hajaenda mezani, mvuvi hutoa kitoweo: cha nyumbani kwake, cha mama yake, cha jirani mgonjwa, cha mjane. Kitoweo hakiuzwi, hakipimwi, wala hakitazamwi na mtu baki. Ukichungulia mfuko wa kitoweo cha mwenzako, umechungulia chungu cha mkewe. Na mvuvi hana wazimu. Samaki mzuri humpeleka mezani. Kwenye kitoweo huenda wadogo, na wenye vidonda ambao mnunuzi angewakataa. Sisi hukata pale penye kidonda, tukatia ndimu, tukala.

Mwaka wa nne Caroline alituita bandani akatusomea matokeo. Urefu wa tafi, samaki tunaowavua zaidi kwetu, ulikuwa umepanda. Wenye vidonda walikuwa wachache mno. Nassir, mwenyekiti wa wavuvi, akadakia papo hapo: kama samaki wamestawi hivyo, tengefu la nini tena? Caroline akamgeukia Mwanafatuma.

"Mama Twaiba, uliwapima wote?"

"Wote waliofika mezani, mwanangu. Wallahi sikumruka hata mmoja."

Mwanafatuma aliwaomba wavuvi wangoje walau miaka mitatu mingine. Lakini angewapinga kwa lipi, na daftari ni la mkono wake mwenyewe? Waliinua mikono, tengefu likafunguliwa. Miezi miwili tulishiba, nami sikanushi, nilikaanga mpaka mafuta yakaniishia. Kufika mwezi wa sita, malema, ile mitego yetu ya kusuka, yalikuwa yakipandishwa na majani matupu.

Caroline akarudi. Mwanafatuma akamkaribisha chakula cha mchana, nami nilikuwepo. Katika mchuzi mlikuwa na tafi saba, hakuna aliyezidi kiganja. Caroline akaacha kula.

"Hawa wametoka wapi?"

"Ni kitoweo tu. Wavuvi huniwekea tangu marehemu aondoke. Hawajanisahau hata siku moja."

"Siku zote huwa wadogo hivi?"

"Kitoweo ndivyo kilivyo, mwanangu."

"Na huwa unawapima?"

Mwanafatuma akacheka. "Nani anapima kitoweo cha mtu?"

Kisha kicheko kikamkauka. Alikuwa akiutazama ule mchuzi, na moyo wangu ukapasuka, kwa sababu tulielewa pamoja. Wadogo wote na wagonjwa wote, miaka minne, walipitia majikoni mwetu wakaukwepa ubao. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi hata hatukujua kwamba tunaficha. Caroline alilia, akasema kosa ni lake, hakuuliza. Ni kweli hakuuliza. Lakini nani kati yetu angemjibu?

Mwanafatuma hakulia. Kesho yake alisimama ufukweni na ubao wake, akawaomba wavuvi wafungue mifuko ya kitoweo, ili tengefu lipate ushahidi wa kufungwa tena.

"Shemeji," Nassir akamwambia taratibu, "leo unatuvua nguo?"

Wakampita mmoja mmoja, mifuko wameibana kwapani. Mfuko wake yeye walikuwa wamemwachia pembeni ya meza, kama kawaida. Aliufungua mbele yetu sote, akamlaza wa kwanza ubaoni.

"Tafi," alisoma kwa sauti huku akiandika. "Sentimita tisa. Kidonda ubavuni. Kitoweo cha mjane wa Abdurahman."

Aliwapima wote watano. Kesho yake hakukuwa na mfuko pembeni ya meza, wala kesho kutwa. Hawakumwambia neno baya. Walimsalimia wakapita.

Siku hizi mimi ndiye ninayempelekea samaki, nikimpata. Huwapima kwanza, akaandika, ndipo hula. Juzi nilimpelekea tafi mmoja mdogo, sikuwa na mwingine. Alimlaza ubaoni, akamgeuza polepole.

"Huyu Abdurahman angemrudisha majini," alisema, na hapo ndipo nilipomwona akilia, mara ya kwanza tangu matanga.