Dume Nililotozwa na Akina Mama

Mimi ni mtu wa Bashay, kule juu milimani, na nakiri mapema kwamba nilikuwa mjuaji. Nilipopangiwa kazi ya mtendaji wa kijiji huku chini, kwa wafugaji wa uwanda wa Hanang, niliamini nimewaletea haki za wanawake kwenye begi langu. Ofisini nikabandika bango: mwanamke na mwanaume ni sawa mbele ya sheria. Nililibandika kwa gundi nyingi, lisitoke.

Basi akaja mama mmoja. Mumewe anataka kuuza mnadani ng'ombe wa maziwa ambaye yule mama alipewa na baba yake siku ya kuolewa, na watoto wanamtegemea ng'ombe huyo huyo. Nikamwambia alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Akaleta. Nikamwambia muhuri hausomeki. Akarudi na mwingine. Nikamwambia aje Jumatatu, maana nina kikao wilayani. Mnada ulikuwa Jumamosi! Jamani, wala sikulifikiria.

Ijumaa nikasikia akina mama wa kijiji kizima wamekusanyika uwandani. Ni baraza lao la tangu zamani: mwanaume akimkosea mwanamke, wao ndio wanaomhukumu, na hakuna anayethubutu kubisha. Mimi nikapanda pikipiki kwenda kuwauliza kibali cha mkutano. Kimbelembele!

"Shikamooni," nikasema kwa mbali.

"Marahaba. Kaa hapo hapo," akajibu bibi mmoja aliyevaa sketi ya ngozi ya kimila. "Ya yule baba tumeshamaliza. Ng'ombe haendi mnadani, na yeye atatoa dume la ng'ombe tule. Sasa ni zamu yako."

"Mimi? Kwa kosa gani?"

"Mwenzetu alikuja kwako mara tatu. Ulimsaidia nini?"

Niliona aibu kweli, maana yule mama alikuwa amekaa palepale, mtoto mgongoni, ananitazama tu bila hasira.

Faini yangu nayo ikawa dume. Nikaona nimalize mambo kiume. "Sawa, mama zangu. Nina dume langu Bashay. Kesho kutwa litakuwa hapa."

"Mkeo amekubali?" bibi akauliza.

Nikacheka. Wao hawakucheka.

"Mpigie," akasema. "Tumsikie."

Nikapiga, nikaweka spika. Nikamweleza mke wangu, kwa sauti ya chini kidogo, kwamba nimeahidi dume.

"Dume gani, Baba Watoto? Hili ninalolikatia majani kila asubuhi, wewe unakuja mara moja kwa mwezi? Umemuuliza nani?"

Loh! Akina mama waliangua kicheko, yule mwenye ng'ombe akacheka mpaka akamshusha mtoto mgongoni. Nilitamani ardhi ipasuke. Kosa lile lile la yule baba nimelifanya mimi, mbele ya baraza zima, simu ikiwa kwenye spika.

Walipotulia, mke wangu akataka kujua nimetozwa kwa sababu gani. Nikamwambia yote, barua, muhuri, hadi ile Jumatatu.

"Wape," akasema. "Lakini nitalileta mwenyewe, wasije wakadhani ni lako."