Boksi Jipya Likiingia, la Zamani Litoke

Miaka ya sabini nilikuwa mtunza stoo ya dawa katika hospitali moja ya Iringa, na kiburi changu chote kilikuwa kwenye sheria niliyoitunga mwenyewe: boksi jipya likipokelewa stoo, mhudumu alipeleke wodini saa ile ile na kuziondoa chupa za zamani. Haombi ruhusa, hasubiri saini. Kabla ya hapo niliwahi kwenda msibani kwetu Mbeya siku tatu na ufunguo mfukoni, wodi ya watoto ikakosa dawa huku rafu zangu zimejaa. Sheria ilimaliza aibu hiyo. Nilisifiwa, nikavimba kichwa.

Aliyenikera ni muuguzi mmoja wa wodi ya watoto, mama wa Kihehe aliyekaribia kustaafu. Kwao, anayekukaribisha pombe huonja kwanza mbele yako, uone haina sumu. Basi kila chupa mpya alidondosha matone yake kwenye kijiko, akaonja, ndipo amnyweshe mtoto. Nilimwambia anachelewesha kazi.

"Mwanangu," akanijibu, "mimi simpi mtu kitu ambacho ulimi wangu haukijui."

Nikaandika barua ya kumshtaki kwa matroni.

Barua ilikuwa bado mezani pangu asubuhi lori lilipoleta dawa ya malaria ya watoto. Binti yangu wa miaka miwili alikuwa amelazwa wodi hiyo hiyo, homa siku ya pili. Nilifurahi kwamba dawa mpya ingemfikia upesi. Mhudumu alipokwisha kuondoka nayo, nikafungua bahasha iliyokuja na mzigo. Karatasi ilisema dawa hii ni kali, ichanganywe kwanza na maji mara nne yake. Kwenye chupa hakukuandikwa hivyo.

Nikavua viatu na kukimbia kupanda kilima kwenda wodini. Dawa hutolewa saa nne, na saa nne ilikuwa imeshapita. Njia nzima niliilaani akili yangu: sheria ile haikumsubiri mtu yeyote, maana mimi ndiye niliyetaka isimsubiri mtu. Nilimwogopa Mungu, nilimwogopa mume wangu, na zaidi niliogopa kile kitanda cha dirishani alikolazwa binti yangu.

Mwanangu alikuwa amelala mdomo wazi, hatikisiki. Nikaweka kiganja kifuani pake. Kifua kilipanda, kikashuka.

"Wote wamekunywa ya zamani," alisema yule mama nyuma yangu. Chupa mpya alikuwa amezifunika kitambaa. "Hii nimeionja, uchungu wake si wa kawaida. Nikamficha mhudumu wako chupa mbili za zamani. Najua nimevunja sheria yako, usinishtaki."

Nilikaa sakafuni nikalia, na haikuwa furaha. Ulikuwa woga uliochelewa kutoka.

Niliporudi stoo niliichana ile barua. Sheria sikuifuta, kwa kuwa bila hiyo watoto wangekosa dawa tena. Niliongeza mstari mmoja tu: chupa mpya isitumike, na ya zamani isiondolewe, mpaka mama wa wodi ya watoto aonje. Matroni aliusoma akacheka. Mimi sikucheka, nikamsogezea kalamu atie saini.