Yowe Zizini kwa Milembe

Milembe hakuwa mtu wa madeni. Niliseme hilo mapema, maana waliomjua juujuu walipenda kumsema vingine baada ya ile asubuhi. Alikuwa mjane wa Mwamapalala, mwenye ekari saba, mama mkwe asiyeona vizuri, na maksai wawili, Dereva na Shauri. Siku hizo Mwamapalala ilikuwa bado wilaya ya Bariadi, na Bariadi ikiwa mkoa wa Shinyanga. Simiyu lilikuwa jina la mto tu.

Kwetu mtu mwenye maksai wawili si tajiri, lakini ana pa kuanzia. Mvua ya kwanza ikinyesha, anafunga nira kesho yake. Asiye nao anangoja wenzake wamalize, halafu aazime, na pamba yake jua linaikuta ingali changa. Kwa hiyo ukisikia Milembe aliwahofia maksai wake, usidhani ni uchoyo wa mali. Alikuwa anauhofia mwaka mzima.

Mambo yalianza na neno moja.

Mwaka 1995 ununuzi wa pamba ulikuwa umefunguliwa kwa watu binafsi. Zamani tulikijua chama cha ushirika tu. Sasa wakaja matajiri na malori na mizani yao, na kila mmoja alitaka wakala kijijini, mtu wa kumkabidhi fedha taslimu amnunulie. Zengo, mdogo wa marehemu mume wa Milembe, akaupata uwakala kwa tajiri mmoja wa mjini. Akaja kwa shemeji yake na karatasi.

"Shemeji, nataka uwe mdhamini wangu."

Milembe akaweka ungo chini. "Mimi?"

"Nani mwingine anaheshimika hapa?"

Sasa nisikilizeni vizuri. Neno hilo, mdhamini, Milembe alikuwa amelisikia mahali pamoja tu maishani, kanisani, kwenye Bodi ya Wadhamini. Hao walikuwa wazee wanne wa viti vya mbele. Majina yao yalisomwa kila jengo lilipofunguliwa, na hakuna siku aliyosikia mmoja wao anadaiwa hata senti. Yeye alikuwa amelifagia kanisa hilo kila Jumamosi kwa miaka kumi na moja, na hakuna aliyewahi kulisoma jina lake mbele za watu. Akanawa mikono, akakaa vizuri.

"Niandike na jina la baba?"

"Andika lote. Likiwa refu ndiyo zuri. Na hapa wanauliza mali uliyonayo."

"Dereva na Shauri."

"Majina yao hawayataki, shemeji. Andika maksai wawili."

Akaandika, kwa herufi kubwa, akarudia na kukoleza wino.

Zengo alinunua pamba wiki tatu. Wiki ya nne alikabidhiwa fedha nyingi kuliko zote, akapanda gari la Mwanza, na habari zake za mwisho zilitoka Geita, kwenye machimbo ya dhahabu. Tajiri akaenda mahakamani. Mkosaji haonekani, mdhamini anaonekana.

Karatasi ya kwanza ya kuitwa shaurini ililetwa na mtu wa baiskeli. Kwa akili ya Milembe, anayeitwa mahakamani ni mwizi au muuaji. Hakwenda. Aliikunja akaizamisha kwenye debe la choroko. Ya pili, iliyowataja maksai, nayo ikaingia humo humo. Ya tatu, ya hukumu iliyotolewa bila yeye kuwepo, hakuisoma kabisa.

"Nani huyo aliyekuja?" mama mkwe wake, bibi Nyanjige, akauliza.

"Mtu wa chanjo ya ng'ombe, mayu." Mayu kwetu ni mama.

"Mbona chanjo nyingi mwaka huu?"

Tangu hapo Milembe akawa mtu wa kusikiliza. Injini ikilia barabarani, anaacha chungu kinachemka na kusimama mlangoni mpaka ipite. Mbwa akibweka, anahesabu mibweko. Akaanza kuwachunga maksai mwenyewe, mbali, ng'ambo ya mto, akidai malisho ya karibu yameisha, na majani yako wazi kila mtu anayaona. Luhaga, jirani yake, ambaye ndiye alikuwa kamanda wa sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, akamtania njiani.

"Mayu Milembe, ng'ombe wako wanahamia Meatu?"

"Wanapenda kutembea."

"Basi wamekurithi!"

Akacheka naye. Alitamani kumweleza pale pale. Lakini unaanzaje? Unasema umetia sahihi kwa sababu ulipenda viti vya mbele? Akapita.

Mwaka uliofuata, Novemba, mvua ya kwanza ikanyesha siku ya Jumanne. Usiku huo Milembe alipaka nira mafuta. Jumatano, kabla jua halijachomoza, wakaja.

Lori walilizima mbali, barabarani. Kazi hiyo ilikuwa imewafundisha kwamba mdaiwa akisikia injini, ng'ombe hawaonekani tena. Walikuwa watatu. Mbele Constantine, dalali wa mahakama kutoka Bariadi mjini, koti jeusi na faili kwapani, na nyuma vibarua wawili wenye kamba. Milembe alikuwa jikoni anapuliza moto. Bibi Nyanjige alikuwa amekaa mlangoni pa nyumba yake, karibu na zizi. Macho yake yaliona vivuli tu, lakini masikio yalikuwa mazima. Akasikia miti ya lango la zizi ikivutwa. Akasikia sauti ngeni ikisema, "Anza na huyo mweusi."

Mwanamke aliyeishi miaka ile ya wizi wa ng'ombe afikirie nini? Akapiga yowe.

Kwa wasiotujua: yowe likipigwa kwetu haliulizwi. Unashika kilicho karibu na unakimbilia linakotoka, na kaya ya jirani inalipokea na kulipeleka mbele. Anayebaki kitandani atalipa faini. Kabla Constantine hajafungua faili, watu walikuwa wanatokea pande zote, matope magotini, na marungu na mapanga na mikuki, Luhaga mbele na filimbi mdomoni.

Vibarua wakaachia kamba. Constantine akainua faili juu kwa mikono miwili.

"Amri ya mahakama! Jamani, ni amri!"

"Wezi wa siku hizi wana mafaili," mtu akasema.

Rungu likamshukia kibarua mmoja begani, akaanguka. Duara likaanza kubana. Aliyewahi kuona duara la namna ile anajua kwamba likishabana halisikii.

Milembe alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Alihitaji kufanya kitu kimoja tu, kunyamaza. Maksai wangebaki, nira ingefungwa asubuhi hiyo hiyo, na karatasi zingeozea kwenye choroko. Na watu watatu wangelala pale zizini kwake, wasiamke.

Luhaga akageuka. "Mayu, unawafahamu hawa?"

Hakuwahi kuwaona hata siku moja.

"Nawafahamu," akasema. Akarudia kwa nguvu. "Nawafahamu! Si wezi. Niacheni niseme. Nadaiwa."

"Nini?"

"Nadaiwa, Luhaga. Hao wametumwa na mahakama. Ni mimi."

Akasimulia yote pale pale, mwiko mkononi: Zengo, karatasi, wazee wa kanisa, kila kitu. Akaingia ndani akatoka na zile barua, punje za choroko zikidondoka kwenye mikunjo. Luhaga akazisoma kwa sauti, polepole. Alipofika kwenye neno lile, mwanamke mmoja akauliza, "Kwani mdhamini ndiye anayelipa?"

Wanaume kama watano hivi waliokuwa wamewawekea wenzao sahihi msimu huo wakaanza kutazama ardhi.

"Kumbe yule wa chanjo..." bibi Nyanjige akasema.

"Hakuwa wa chanjo, mayu."

"Ningejua nisingepiga yowe. Ningempiga Zengo."

Watu wakacheka kidogo, na mapanga yakashuka. Luhaga sasa akamgeukia Constantine, ambaye suruali yake ilikuwa imeloa, tuseme ni kwa umande.

"Umepita kwa mwenyekiti wa kijiji?"

"Hapana. Tulitaka kuwahi."

"Kwa mtendaji?"

"Hapana."

"Umeingia zizini bila hodi, bibi kapiga yowe la haki, watu wameacha mashamba siku ya kulima. Faini mbuzi mmoja."

"Mimi ni dalali wa mahakama!"

"Ndiyo maana ni mmoja."

Constantine akalipa bei ya mbuzi kutoka mfukoni mwake, na kwa kuwa kazi ni kazi, akaomba risiti. Wakamwandikia.

Kisha akafungua faili. Amri ilikuwa bado amri, na hakuna aliyebisha tena. Kalamu ilimdondoka mara mbili, hadi Luhaga akaiokota na kuandika yeye: maksai wawili, mweusi mmoja, wa madoa mmoja. Constantine akamtazama Milembe.

"Mama, ungenyamaza, mimi leo..." Akakohoa. "Naruhusiwa kuiacha mali niliyoikamata kwa mtu aitunze mpaka siku ya mnada. Siku kumi na nne. Utatia sahihi?"

Milembe hakuipokea kalamu. "Hapo naitwa nani?"

"Mtunzaji."

"Mtunzaji wakimpotea?"

"Anafungwa."

"Wakifa?"

"Atajibu mahakamani kwa nini wamekufa."

"Wakilima?"

Constantine akaisoma karatasi juu mpaka chini, akaigeuza na nyuma. "Juu ya kulima hapajaandikwa kitu."

Akatia sahihi. Lori halijawashwa, nira ilikuwa shingoni.

Siku hizo kumi na nne msimuulize alizilalaje. Siku ya tano mvua ilikata, ardhi ikawa ngumu. Shauri akajikwaa kwenye kisiki, akachechemea, na Milembe akakaa chini mtaroni. Alimkanda goti kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Mahindi ya chakula aliwapa wao, yeye na bibi wakala mlenda na viazi. Majirani walimwonya, "Utawaua, halafu utafungwa." Alijua. Kila asubuhi, kabla ya kuwafungulia, alisimama kwanza nje ya zizi akisikiliza kama wote wawili wanapumua.

Siku ya kumi na nne aliwaswaga mwenyewe mpaka mnadani. Constantine akawazunguka.

"Wamekonda."

"Wamelima."

Akaandika kitu kwenye faili. Aliwanunua wote mtu mmoja wa Bukundi. Deni likalipika na gharama zake, na chenji aliyorudishiwa Milembe ilitosha debe moja la mahindi. Mnunuzi alipokuwa anawafunga kamba, Milembe akamsogelea.

"Baba, huyu mweusi ni wa kulia. Ukimweka kushoto atakusumbua."

"Sawa, mayu."

Ekari sita na nusu zilikuwa zimelimika. Ile nusu iliyobaki aliimaliza kwa jembe la mkono, yeye na Luhaga na wale wanaume watano wa sahihi, na Alhamisi akapanda pamba.