Jakuzi Niliyoifunga Kama Lori

Mimi shule niliishia darasa la nne tu, lakini malori yangu yanabeba ng'ombe kutoka Sericho, na waya zake nafunga mwenyewe. Nilipoweka jakuzi, lile beseni la kuogea lenye mota, nyumbani hapa Isiolo, fundi wa stima angenifundisha nini? Swichi ya usalama ilijizima kila nikiwasha mota, nikaitoa. Waya ya kuingia ardhini nikaikata, maana lori hutembea bila hiyo.

Nikaalika wakwe, nikawaketisha sebuleni. "Hii yote nimefunga kwa mikono yangu!" Kisha nikaingia majini, nikapaza sauti, "Mama Halima, washa!"

Mota haikunguruma.

"Nimezima stima ya nyumba yote," mke wangu akajibu mlangoni. "Asubuhi niliwasha, nikagusa bomba, stima ikanirusha hadi ukutani. Toka, Baba Halima. Fundi wa stima niliyemwita amefika."

Nikatoka na taulo, bado nabisha. Fundi akachungulia mota, akashika kichwa.

"Mzee, ungewasha hii, saa hii wangekuwa wanakuosha kwa mazishi."

Alhamdulillahi! Namshukuru Mungu, namshukuru na Mama Halima, maana ndiye sababu bado napumua. Lakini fundi hakuishia hapo. Akafungua mlango wa sebule, akauliza kwa hasira, "Nani alifunga kitu hii?"

Wakwe wote wakaninyooshea kidole, mama mkwe akiwa mbele, na mimi nimesimama na taulo.