Kizibo Mfukoni mwa Taratibu

Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau. Alikuwa Taratibu, basi, na jina hilo alibandikwa na watu waliochoka kumsubiri. Ukimpelekea trekta akwambie lina ugonjwa gani, atalizunguka kwanza, atalipapasa, ataliinamia na kulisikiliza, halafu atasema, "Taratibu. Tusiliharakishe." Wengine walinuna wakaenda kwa mafundi wenye haraka zao. Msimu haujaisha, hao wanarudi wanavuta trekta kwa mnyororo. Taratibu hakuwahi kumcheka hata mmoja. Mkewe ndiye aliyewacheka kwa niaba yake.

Mke mwenyewe alikuwa mshonaji, nao watu wakamwita Mama Sindano, kwa ajili ya kazi yake na kwa ajili ya ulimi wake pia. Mashati yote ya kazi ya mumewe alishona yeye, na kila shati lilikuwa na mfuko wa turubai kifuani, umepigwa mshono juu ya mshono. Mfuko huo ulikuwa na sababu. Kila Taratibu alipomwaga oili ya gia boksi, alikitia mfukoni kile kizibo cha chini kinachozuia oili, akakiweka pamoja na ufunguo wa trekta. Havikutoka humo mpaka vitoke pamoja: kizibo kirudi mahali pake, oili mpya iingie, ndipo ufunguo uguse swichi. Hivyo hata angetokea mjinga gani, asingeweza kuliwasha trekta likiwa tupu na kuzisaga gia. Doa la oili kifuani halikutoka kwa sabuni yoyote, na Mama Sindano alikuwa amekwisha kuacha kugombana nalo.

Trekta lao walilipata bure. Taratibu alikuwa dereva kwenye shamba la tajiri mmoja, akalikuta limetupwa nyuma ya ghala, kuku wanatagia chini ya kiti. Tajiri akamwambia alichukue amwondolee uchafu. Watu walimcheka mpaka wakashika mbavu. Taratibu alilifungua, akaliosha kifaa kimoja kimoja, akalifunga, na siku lilipoingia barabarani likitoa moshi, wale wale waliocheka wakaanza kuuliza atawalimia lini. Trekta hilo liliwajengea nyumba, likamlea binti yao wa pekee. Binti alikaa kwenye mapaja ya baba yake akishika usukani kabla miguu yake haijafika kwenye pedeli, na mgongo wa mzee ulipochoka, yeye ndiye aliyekuwa dereva.

Halafu akili ya Taratibu ikaanza kumponyoka. Mwanzoni walifanya utani. Aliweka spana kwenye mtungi wa maji, na Mama Sindano akamwambia safari ijayo atie na sukari. Lakini siku moja aliacha bomba la dizeli wazi, dizeli yote ikanywewa na ardhi, na siku nyingine alisimama katikati ya ua akamuuliza mkewe, kwa adabu kabisa, mwenye nyumba yuko wapi. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

Mvua zilikuwa zinakaribia, oili ya gia boksi ilikuwa haijabadilishwa, na wenye mashamba walikuwa wanapiga simu kila saa. Binti alimvuta mama yake pembeni.

"Mama, oili ya injini angejaribu tu, lakini gia boksi si mchezo. Gia zikifa hatuna trekta."

"Kazi hiyo baba yako anaifanya tangu hujazaliwa."

"Najua. Ndiyo maana namwachia. Lakini akikosea safari hii, nitaleta fundi mwingine, na ufunguo nitakaa nao mimi."

"Ukimnyang'anya ufunguo utakuwa umemzika akiwa hai," akasema Mama Sindano.

Binti akavuta pikipiki yake. Machozi yalikuwa yanamlengalenga, akaondoka kwenda kununua jembe la akiba la trekta.

Mama Sindano akapiga moyo konde. Aliivuta cherehani mpaka barazani, akajifanya anafuata mwanga, kumbe anamlinda mtu. Taratibu aliliwasha trekta, akalizungusha uani na njia ya nyuma mpaka oili ikapata moto, maana oili baridi ni nzito na hubaki na uchafu ndani. Akaliegesha mahali tambarare, akazima, akasukuma beseni chini ya tumbo lake, akalala chali. Mikono yake haikusahau kitu. Alikilegeza kizibo kwa spana, akamalizia kwa vidole, akaondoa mkono kwa wepesi kabla oili haijamchoma. Ikatoka nyeusi, nene, imejikunja kama kitambaa kizito. Beseni lilipojaa alikinga jingine.

Akakitazama kizibo. Ncha yake ilikuwa na sumaku, na sumaku imeshika unga mwembamba wa chuma. Akaufikicha kwa kidole gumba.

"Unga tu," akasema. "Hakuna kipande. Gia zinazeeka vizuri kutushinda sisi."

"Jisemee mwenyewe, mzee," akajibu Mama Sindano. "Na hicho kizibo unakiweka wapi?"

"Kinapokaa siku zote." Akakifuta, akakitia mfukoni pamoja na ufunguo, akapiga kifua kidogo kwa kiganja. Mama Sindano akashusha pumzi. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alijisikia mwepesi, akaanza hata kuimba chini chini.

Ndipo akaja mteja, mwalimu mmoja mwenye harusi ya mdogo wake, amefuata gauni lake, na mikono inambana. Mama Sindano alitazama uani. Mzee alikuwa ameketi juu ya dumu anasubiri tone la mwisho, hana hili wala lile. Akaingia ndani na mteja, akafumua bega, akabana pini, huku sikio likiwa nje. Baadaye akasikia oili ikiingia: gulu, gulu, gulu, sauti ya dumu linalomiminwa kwenye faneli. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mteja alimuuliza anatabasamu nini, naye akasema gauni limemkaa.

Alipomsindikiza mteja kwa mlango wa mbele na kurudi uani, Taratibu alikuwa anamalizia dumu la mwisho. Alikuwa amesimama wima juu ya trekta, faneli imesimama mbele yake, ametulia. Na chini ya trekta oili mpya, safi, ya rangi ya asali, ilikuwa inatiririka ndani ya beseni lililokwisha kufurika, inapita juu ya udongo mpaka kwenye ngazi za baraza. Yote aliyoimimina juu ilikuwa inatoka chini. Kizibo kilikuwa bado kifuani pake.

"Mzee," akaita Mama Sindano. "Mzee wangu, shuka."

Taratibu akatazama chini. Uso ukamkunjamana. "Nani kalifungua hili? Nani kachezea trekta langu?" Akashuka, akachuchumaa, akachovya kidole kwenye oili, akainusa. Kisha mkono ukaenda kifuani wenyewe, kwa mazoea, ukatoa vile vitu viwili. Akavitazama. Akakigeuza kizibo huku na huku.

"Hiki nini?" akauliza.

Mama Sindano akaketi palepale kwenye ngazi, gauni lake likanywa oili, na hakujali.

Alikuwa hajanyanyuka pikipiki ya binti ilipoingia uani. Mama akawahi kusema. "Ni mimi, mwanangu. Nilikuwa napita, nikapiga teke dumu, likamwagika. Usimsemeshe baba yako."

Binti alitazama madumu yaliyopangwa vizuri, matupu, vifuniko vyake kando. Akatazama faneli iliyosimama juu. Alikuwa amekua chini ya trekta hilo, na uongo wa mama yake ulimuuma kuliko oili. Lakini akasema, "Sawa, mama. Ajali kazini." Akageuka ajifute macho.

"Mama yako hajamwaga kitu," akasema Taratibu.

Wote wawili wakamtazama. Macho yake yalikuwa yamerudi, yale ya zamani, na ilikuwa afadhali yasingerudi wakati huo, kwa maana aliona kila kitu.

"Nimemimina oili bila kizibo. Mimi." Akamkamata binti mkono, akaufungua, akakiweka humo kizibo, na juu yake ufunguo, akavifunga vidole vyake kimoja kimoja. "Vikae kwako. Ukikitia, usikikaze kwa hasira, nyuzi zake za kukazia zimezeeka. Na uliwashe taratibu."

"Baba, utakifunga wewe. Nitakushikia taa."

"Hapana, mwanangu. Mimi nimemaliza."

Binti alilia, mama alilia, na yeye akaenda kunawa mikono kwa unga wa sabuni, kucha hadi kiwiko, kama afanyavyo fundi akimaliza kazi.

Kulipokucha alivaa shati lake, akapapasa kifua, akasimama ghafla. "Kizibo changu kiko wapi? Trekta liko wazi." Mkewe akamweleza kwamba anacho binti, na limeshafungwa na kujazwa oili nyingine. Akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Baada ya muda mfupi akauliza tena, safari hii anatetemeka. Akauliza tena na tena. Mwishowe Mama Sindano akaenda kupekua kopo la vyuma chakavu, akapata kizibo cha zamani kilicholika nyuzi, akakifuta, akamtia mfukoni.

Taratibu akapiga kifua kwa kiganja, akaketi. "Wasiliwashe kwanza," akasema.

"Hawaliwashi, mzee."

Nje trekta likaunguruma. Binti alilitoa uani, akabadilisha gia, na nyingine, likashika njia ya mashambani. Taratibu aliinua kichwa akalisikiliza mpaka likapotea.

"La nani lile?" akauliza. "Gia zinaingia vizuri. Limepata mtu wa kulitunza."

Mama Sindano alikuwa ameinamia cherehani, anakanyaga, anasukuma kitambaa, na alikuwa amefika upindo wa pili ndipo akaona kwamba sindano haina uzi.