Chikichi ya Kwapani

Harufu ya chikichi zinazochemshwa ndiyo inayoniweza. Naweza kupita soko la Rumonge na mambo yangu kumi kichwani, lakini nikifika kule nyuma kwenye vinu vya mawese, pale pipa linapofuka mvuke mzito wa mafuta mapya, mkono wangu wa kushoto hujibana ubavuni wenyewe. Mama mtu mzima, mjukuu amenishika gauni, nasimama njiani nimejikunja kidogo kama ninayesubiri kupigwa. Mjukuu huniuliza kama tumbo linaniuma. Namwambia hapana, twende.

Nyinyi nitawaambia, maana yeye bado mdogo.

Mwaka ule wa uhuru nilikuwa na miaka tisa, na kaka yangu Rama alikuwa na kumi na mbili. Baba alikuwa ameshafariki. Tuliishi na mama na mdogo wake, mjomba Selemani, aliyekuwa fundi cherehani. Mjomba alikaa mji mkuu, Usumbura, miaka mingi, akarudi nyumbani na cherehani moja, pua iliyolala upande mmoja, na habari za ngumi zisizokwisha. Alisema alipigana mara kumi na moja. Alishinda ngapi hakusema, na pua ile ilitutosha kutouliza.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kinu cha mawese cha jirani. Mjomba aliomba boriti moja ya banda lile, akaning'iniza gunia lililojaa makapi ya chikichi yaliyokwisha kukamuliwa. Kila jioni, cherehani ikinyamaza, watoto wa mtaa walikusanyika pale. Wapya hawakufundishwa kitu siku ya kwanza. Mjomba aliwaambia tu, "Piga," akakaa kwenye kigogo kuwatazama.

Wavulana karibu wote walipiga ngumi moja. Mkono ulikwenda nyuma, ukazunguka kutoka mbali, mwili mzima ukaufuata. Rama alikuwa mkubwa wao kwa hilo. Alipiga kama anayekata mkungu wa chikichi kwa panga, na gunia lilipomkwepa alijikuta amegeukia ziwa lililokuwa nyuma yake.

"Hiyo njo ngumi ya kuzaliwa nayo," mjomba alisema. "Haina mwalimu. Na kila mutu anaiona ikikuja, hata kama iko kule mbali Kabonga."

Mimi nilikuwa nimekwenda kumwita Rama aje kula. Mjomba alikuwa amechangamka siku ile, akaniambia na mimi nipige. Nikapiga. Ngumi ilikwenda moja kwa moja, fupi, kiwiko karibu na mbavu, gunia likatikisika. Watoto wakasogea. Mjomba alicheka mpaka akajifuta macho, akasema huyu amefundishwa na mchi. Ni kweli, sombe, yale majani ya muhogo, ya nyumba ile yote niliitwanga mimi, na anayetwanga na viwiko vimetanuka hachelewi kuumwa mabega. Basi ngumi iliyowatoa jasho wavulana, mimi nilikuja nayo kutoka jikoni. Naona aibu kusema jinsi nilivyojivuna.

Tangu siku ile nikawa mwenzake Rama wa mazoezi, kwa siri. Mama alimruhusu Rama kucheza ngumi shingo upande. Kwa binti yake asingetaka hata kusikia. Mjomba alilijua hilo vizuri, akatuomba tufunge midomo. Mwanamume aliyepigana mara kumi na moja alimwogopa dada yake kama homa.

Kulikuwa na haraka, kwa sababu siku ya uhuru, baada ya hotuba, watoto wa Rumonge na wa Nyanza-Lac wangepambana uwanjani, na Rama alitaka kuwa mmoja wao kuliko alivyotaka chakula. Mjomba aliweka sharti. Bila ngumi ya kushoto iliyonyooka, hapandi mtu ulingoni. Dawa yake ilikuwa hii: alipewa na jirani chikichi zilizochemshwa, akatubania moja moja kwenye kwapa la kushoto. Piga. Kiwiko kikitanuka, chikichi inaanguka, unaanza upya kuhesabu. Ukijikaza kwa woga, chikichi inapasuka na mafuta yanakuteremka ubavuni. Ilibidi mkono uwe laini mpaka pale mwisho, halafu urudi upesi.

"Mukono ukienda, urudi," mjomba alikuwa akisema, hata akiwa kwenye cherehani. "Usiuache kule kwa watu."

Tulipasua nyingi, mimi na Rama. Lakini wiki mbili kabla ya sherehe Rama alipiga ngumi hamsini mfululizo na chikichi yake ikabaki nzima. Mjomba aliitoa, akaigeuzageuza kwenye mwanga, akamwambia, "Mujomba, utapanda." Rama aliila palepale, na kokwa akaiweka mfukoni.

Kesho yake mama alifua nguo.

Mafuta ya mawese hayatoki kirahisi, mnayajua. Alituita uani, mbele yake kuna shati la Rama na gauni langu la shule, kila moja na doa jekundu chini ya kwapa la kushoto. Mjomba alikuwa mlangoni, mdomo umejaa pini za kushonea, akishona bendera ndogo za watoto wa shule.

"Hii iko nini?" mama aliuliza. "Wote wawili, pahali pamoja. Munaiba chikichi za jirani, munaficha mu kwapa?"

Angeuliza juu ya shati peke yake, Rama angesema ni mazoezi, yakaisha. Gauni ndilo lililotukamata. Nilimtazama mjomba. Mjomba alitazama bendera. Nikafungua mdomo, nikaona fimbo ya mama imeegemea ukuta, nikaufunga.

"Ni miye niliiba, mama," Rama alisema. "Zaina nilimupa tu anibebee."

Mama hakumpiga. Alinitazama mimi zaidi kuliko yeye, mpaka nikadhani ninanuka mawese. Halafu akasema mwizi hatapigana mbele ya watu siku ya uhuru, atakaa nyumbani. Akakunja nguo zake, akaenda kwa jirani kuomba radhi.

Siku kumi na tatu zilibaki. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeamua kusema, na kila jioni nililala sijasema. Mama alinipa nafasi nyingi, sasa naziona. Aliniita kumsaidia kuchambua mchele, mimi na yeye tu, akauliza kama nina neno. Alinisuka nywele polepole kuliko kawaida. Nikasema sina neno.

Siku yenyewe, ngoma zilisikika mpaka kwetu. Mtoto mwingine alipanda badala ya Rama, akapiga ngumi za panga, akapigwa. Rama alikaa kwenye kigogo cha mjomba, miguu ina vumbi la kiangazi, akisikiliza kelele za watu. Nilikwenda kukaa naye, nikalia. Aliinua mkono wa kushoto, akaunyoosha taratibu mpaka kwenye kidevu changu, akanigusa, akaurudisha.

"Iko vizuri?" aliuliza.

Nikasema iko vizuri. Ilikuwa ngumi nzuri kweli, na hakuna aliyeiona ila mimi.

Miaka kumi baadaye, mwaka wa sabini na mbili, mauaji yalifika pwani yetu ya ziwa, na mengi yake mnayajua au mmesimuliwa. Rama alikuwa kijana wa miaka ishirini na mbili. Asubuhi moja alitoka kumtafuta mjomba ambaye hakuwa amelala nyumbani. Pale mlangoni alinigusa kidevu kwa ngumi ile ile, kama alivyozoea kila anapotoka. Hawakurudi, si yeye wala mjomba. Mimi na mama tulivuka kwa mtumbwi hadi upande wa Kigoma, na nguo za mwilini.

Huko ndiko nilikomwambia. Tulikuwa tumekaa chini tunamenya muhogo wa watu, na sikuweza tena kubaki na neno lile peke yangu. Nikamwambia Rama hakuiba, zilikuwa za mazoezi, na doa la gauni lilikuwa langu mwenyewe.

Mama aliendelea kumenya.

"Najua," alisema. "Jirani aliniambia siku ileile. Alisema, hizo chikichi nilimupa Selemani mwenyewe, za kufundishia watoto."

Nikamwuliza kwa nini basi alimzuia Rama.

"Sikumuzuia miye," mama alisema. "Nilikuwa ninakungoja weye useme. Hata asubuhi ya uhuru, shati lake nilikuwa nimelipiga pasi."